Ukimya wa Kompyuta na Haki ya Kusema "Hakuna Sauti"

Video ya mtandaoni inayocheza kwenye kompyuta ya mezani bila sauti huzua swali la zamani kuliko umeme: kitu kisichokuwepo hujulikanaje kwamba hakipo? Picha inakwenda, midomo ya mhubiri inacheza, mstari wa muda chini ya video unasogea, na sikio halipati kitu. Aliyeketi mbele ya kioo husema "hakuna sauti" kwa uhakika uleule wa mtu anayesema mvua inanyesha. Kwa kweli alichonacho ni kidogo kuliko hicho: hajasikia.

Katika Kanyosha, kusini mwa Bujumbura, kwenye barabara ya kwenda Rumonge, kisa hiki kinaweza kutokea katika chumba chochote cha kuchapa barua na kutoa fotokopi, vile ambavyo wenyeji huviita sekretariati. Mteja anataka kufuatilia misa ya mazishi ya ndugu yake inayorushwa kutoka Brussels, au mawaidha ya Ijumaa. Simu ingetosha, ila familia nzima imekuja na kioo cha simu ni kidogo. Kompyuta inawashwa, padri anaonekana, na chumba kimya.

Kati ya faili ya video na masikio ya familia hiyo kuna vituo vingi, na kila kimoja kinaweza kuizuia sauti kwa namna yake. Kichupo cha kivinjari kinaweza kuwa kimenyamazishwa peke yake huku vingine vikisikika. Windows huipa kila programu kiwango chake cha sauti, hivyo kivinjari kinaweza kushushwa hadi sifuri na muziki uliohifadhiwa kwenye diski ukaendelea kulia vizuri. Kioo kipya kikichomekwa kwa waya wa HDMI, mfumo unaweza kukichagua kuwa njia ya sauti hata kama hakina spika. Tangu hapo kompyuta hupeleka sauti kwa uaminifu mahali ambapo hakuna wa kuitoa. Tena ziko video ambazo ukimya wake si hitilafu hata kidogo. Tangu toleo la 66 la Chrome, la Aprili 2018, video inayojianzisha yenyewe kwa kawaida hairuhusiwi kutoa sauti mpaka mtumiaji abofye ukurasa, isipokuwa pale ambapo kivinjari kimeona kwamba mtu huyo huitumia tovuti hiyo mara kwa mara.

Wakati mwingine ukimya huja nusu. Jeki ya hedfoni isipoingia hadi mwisho, waya wa ardhi hukosa kugusa, na vipaza sauti viwili vya hedfoni hujikuta vimeunganishwa kwa mfuatano. Kinachosikika hapo ni tofauti tu kati ya upande wa kushoto na wa kulia. Sauti ya mwimbaji kwa kawaida huwekwa sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo hufutika, huku gitaa na mwangwi wa ukumbi vikibaki. Mtu huona mwimbaji akifungua kinywa na kusikia ala bila yeye, naye hulaumu waliorekodi. Kuisukuma jeki kidogo kunatosha.

Aristotle aliandika katika kitabu chake cha Nafsi kwamba kusikia kunahusu sauti na ukimya pia, kama kuona kunavyohusu mwanga na giza. Kwa muda mrefu kauli hiyo ilionekana kama namna ya kusema tu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha majaribio yaliyoipa uzito mpya: waliwapa watu vipande vya ukimya vilivyozungukwa na kelele, na masikio yalidanganyika kwa ukimya kama yanavyodanganyika kwa sauti. Ukimya mmoja mrefu ulionekana kudumu kuliko vipande viwili vya ukimya vyenye jumla ya muda uleule. Basi huenda familia iliyoketi Kanyosha inausikia ukimya kweli. Lakini kuusikia ukimya na kujua kwamba sauti haipo ni mambo mawili, na la pili ndilo gumu.

Hapo wanaostahili kusikilizwa ni wanafalsafa wa India wa shule ya Mimamsa, hasa Kumarila Bhatta wa karne ya 7. Mfano wao ulikuwa chungu ambacho hakipo sakafuni. Kumarila alishikilia kwamba kutoonekana kwa chungu ni njia halali ya kujua kwamba hakipo, na wafuasi wake wakalifafanua sharti: chungu kiwe kitu ambacho kama kingekuwepo, kingeonekana. Gizani, kutokukiona si ushahidi wa lolote. Wenzao wa shule ya Nyaya walisema kutokuwepo huonekana kwa macho yenyewe, na ubishi huo ulidumu karne nyingi; lakini sharti lile ndilo lenye kazi hapa. "Hakuna sauti" ni kauli halali pale tu ambapo sauti, kama ingekuwepo, ingesikika. Fundi anayechomeka hedfoni zilizotoka kulia sasa hivi kwenye mashine nyingine analithibitisha sharti hilo kwa mikono. Anayefungua dirisha la sauti la Windows na kutazama kipimo chake naye analithibitisha: kipimo kikicheza, sauti ipo na ukimya uko mbele yake, kwenye waya, tundu au spika. Kisipocheza, lazima kurudi nyuma, kwenye kivinjari, kichupo au faili yenyewe, maana ziko video zilizopakiwa bila sauti yoyote ndani yake, na YouTube huruhusu mwenye video kuunyamazisha wimbo wenye hakimiliki.

Kujua kwamba sauti haipo bado si kujua sababu. John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha 1843, alieleza mbinu ya tofauti: hali mbili zikifanana kwa yote isipokuwa jambo moja, na tokeo likawa katika moja tu, jambo hilo ndilo sababu au sehemu yake. Kubadilisha waya mmoja na kuacha vingine vyote jinsi vilivyo ni Mill mtupu. Kuzima na kuwasha mashine ni kinyume chake. Sauti hurudi, lakini mamia ya mambo yamebadilika kwa pamoja, na anayesema "ilikuwa inahitaji kuzimwa" hajataja sababu. Imam al-Ghazali, aliyekanusha mwaka 1095 kwamba moto ndio unaochoma pamba, angemkumbusha kwamba alichoshuhudia ni jambo moja kuandamana na jingine. Ibn Rushd alimjibu kwamba anayekana sababu anakana akili yenyewe. Fundi mzuri huwasikiliza wote wawili: hutafuta sababu, na hakubali maandamano tu kuwa sababu.

Kuna fumbo jingine. Tuseme spika hazikuchomekwa kwenye umeme, kwa hiyo hazilii. Mwenye sekretariati hakuzichomeka. Lakini jirani wa mtaa wa Musaga naye hakuzichomeka, wala askofu, wala yeyote duniani. Kwa nini kutotenda kwa mmoja kuwe sababu na kwa wengine kusiwe? Hart na Honoré, waliochambua sababu katika sheria mwaka 1959, walijibu kwamba tunachokiita sababu ni kile kinachoachana na desturi au wajibu. Jibu hilo linaudhi wanaotaka sababu iwe jambo la maumbile tupu, ila bila wajibu kutajwa, ni vigumu kuona jirani wa Musaga ataachwaje nje ya kesi.

Suala la ukimya ni zito zaidi katika dini. Wafasiri wa Qur'an husimulia kwamba wahyi ulipokatika kwa muda, Makureshi walisema Mola wa Mtume amemwacha, na Sura ya Dhuha ikateremka kulikanusha hilo. Kosa lao halikuwa kuutambua ukimya, kwani ukimya ulikuwepo; waliruka moja kwa moja kwenye sababu moja bila kuondoa nyingine. Nabii Habakuki naye anaanza kitabu chake kwa kulalamika kwamba analia na hasikilizwi, bila kufikia hitimisho la Makureshi. Mwanafalsafa J. L. Schellenberg, katika kitabu chake cha 1993, alijenga hoja ngumu zaidi, dhidi ya kuwepo kwa Mungu. Hategemei kukosa kusikia peke yake. Anasema Mungu mwenye upendo kamili asingewaacha watu wasiompinga wabaki bila kumwamini, hivyo analijaza sharti la Kumarila kwa dai kuhusu upendo. Kwenye kompyuta sharti hilo lina kipimo cha kutazama na hedfoni za kulinganisha. Kwa Schellenberg halina. Linasimama juu ya dai lile, na wapinzani wake wengi hulishika hapohapo, wakisema upendo unaweza kuwa na sababu za kukaa kimya ambazo kiumbe hawezi kuziona.