Nani Anabeba Uzito wa Vitu Vyetu?



Katika nyumba nyingi za Bel-Air, mugeni akiingia, kitu cha kwanza anachoona si mutu. Ni frigo. Iko katika saloni, karibu na viti, na juu yake kuna kitambaa na maua ya plastiki. Umeme ukikosekana siku tatu ao ine, hakuna anayehangaika, kwa sababu ndani yake hakuna kitu kinachoweza kuoza.

Sisemi hivi kwa kucheka mutu. Frigo ninayosimulia ilikuwa yangu. Niliinunua kwa feza ya likelemba, na sehemu iliyobaki nikaichukua kwa deni. Muke wangu aliweka unga na sahani ndani, panya wasifike. Hivi nikawa na kabati ya bei kubwa kuliko kabati zote za avenue yetu. Mwezi ule ule binti yetu alirudishwa kutoka masomo, kwa kuwa feza yake haikulipwa. Alikaa kwenye kiti, mbele ya frigo, na daftari zake juu ya magoti. Hakusema neno. Afazali angesema.

Tangu siku ile ninajiuliza: ni vitu gani ambavyo vikiondoka, furaha yetu haipungui?

Wengine wanajibu haraka: tuishi kama babu zetu. Lakini babu zetu wa muji huu nao walipenda vitu. Lubumbashi ilianzishwa mwaka wa 1910 kwa ajili ya shaba, na wafanyakazi wa Union Minière, waliotoka Kasai, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini, walitamani baiskeli, mashini ya kushona na gramafoni. Tamaa haikuanza na televizio.

Tuulize afazali wale waliopita katika miaka ya 1990. Mwisho wa mwaka wa 1992 ilitoka noti ya zaire milioni tano. Mwezi wa kumi wa 1993 feza ikabadilishwa, na zaire milioni tatu za zamani zikawa zaire moja mupya. Mushahara ulikufa njiani kabla ya kufika nyumbani. Ndipo watu wakaanza kuuza vitu. Kwetu baba aliuza kwanza televizio, kiisha viti vikubwa, kiisha kabati ya vioo. Televizio tuliililia wiki moja. Viti, siku mbili. Kabati, hakuna aliyeikumbuka. Lakini mutu mumoja alipouliza bei ya mashini ya kushona, mama alisimama mulangoni akasema: «Hii haiuzwi. Hii ndiyo inawalisha.» Kweli, alishona nguo za majirani, nasi tukakula bukari mara moja kwa siku. Mara moja, lakini tulikula.

Mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi waliacha kazi ya Gécamines katika mupango wa kuondoka kwa hiari. Nyumba nyingi zililazimika kujiuliza tena: kitu gani kinabaki, kitu gani kinauzwa?

Nilipoanza kusema habari hii kati ya wandugu, mama mumoja alinikatiza: «Shemasi, ninyi wanaume munasema mutu anaweza kuishi bila robine nyumbani. Anaweza, ndiyo! Kwa sababu si ninyi munaobeba bidoni.» Alisema kweli. Bidoni ya litre 20 ni kilo 20 juu ya kichwa cha mutoto.

Basi nikaona kwamba swali langu lilikuwa baya. Mutu anaweza kuishi bila karibu kila kitu; vita na njaa vimetuonyesha. Swali lililo bora ni hili: kitu hiki kinamutua nani muzigo, na kinamubebesha nani?

Robine inamutua binti. Mashini ya mama ilitutua sisi sote. Simu ndogo inayoleta sauti ya muzee aliye Likasi inatua moyo. Lakini simu ya pili, ya kuweka mezani watu waione, inabebwa na tumbo la watoto. Tazameni pia vikwembe vya sikukuu. Kila tarehe 8 mwezi wa tatu tunataka kikwembe kipya, na kile cha mwaka uliopita hakijachakaa. Mwanamuke asiyekuwa na feza anabaki nyumbani kwa haya. Nguo yetu imekuwa muzigo wake, hata kama hatukumuomba kitu.

Lakini mutu asiingie kwa jirani kuhesabu vitu vyake. Televizio ya mugonjwa asiyetoka kitandani si majivuno. Ni dirisha lake. Kila mutu ahesabu vya kwake, tena aulize muke na watoto, kwa maana wao ndio wanajua uzito.

Frigo niliiuza kwa bei ya chini kuliko ile niliyonunulia, na deni nikalimaliza polepole. Binti alirudi kwenye masomo, akiwa amepoteza miezi miwili ambayo siwezi kumurudishia. Hakuna mugeni aliyeuliza frigo ilienda wapi. Muke wangu peke yake alinikumbusha kwamba panya wangali wako. Nikanunua ndoo yenye kifuniko kwa ajili ya unga.

Ndoo ile, wandugu, tunaihitaji kweli.