Umbali na Wajibu: Mtoto Mwenye Njaa Anamdai Nani?

Swali la iwapo mtu ana wajibu wowote kwa mtoto mwenye njaa asiyemjua, anayeishi katika nchi ambayo hajawahi kuikanyaga, haliwezi kujibiwa kabla ya kutenganisha hisani na haki. Hisani ni tendo jema ambalo mtendaji husifiwa akilitenda wala halaumiwi akiliacha. Haki ni kile ambacho mtu akinyimwa huwa amedhulumiwa.

Mapokeo ya dini hayakuiacha njaa upande wa hisani peke yake. Kurani, katika sura ya Al-Maarij, huitaja sehemu ya mali ya waumini kuwa haki ya maskini, naye Thoma wa Akwino, mwanateolojia wa karne ya 13, alifundisha kwamba katika dhiki iliyopita kiasi vitu vyote huwa vya wote. Mwanafalsafa Peter Singer, katika makala iliyochapishwa mwaka 1972 kufuatia madhila ya wakimbizi wa Bengali ya Mashariki, alisema kwamba anayemwona mtoto akizama kidimbwini hawezi kujitetea kwa kuogopa kulowesha nguo, na kwamba umbali nao si utetezi.

Hata hivyo, wanazuoni wengi wa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea katika pwani ya Afrika Mashariki, hushikilia kwamba zaka, yaani fungu la mali lililofaradhishwa, igawiwe kwanza mahali ilipotolewa. Kauli hiyo haimfuti maskini wa mbali, kwa maana sadaka ya hiari haina mpaka huo. Ila inakumbusha kwamba aliye karibu ndiye ajuaye ni nyumba ipi ambayo jiko lake halikuwashwa. Kwa hiyo umbali haupunguzi uzito wa wajibu, bali hubadili namna ya kuutimiza: wa mbali hana budi kutoa kwa kupitia ujuzi na mikono ya wa karibu.

Mfano wa jambo hili umo nchini Malawi, ambako shirika la Mary's Meals, lenye asili yake Uskoti, lilianza mwaka 2002, wakati wa njaa kali, kuwalisha watoto wapatao 200, na ambalo leo huwafikia zaidi ya milioni 2 katika nchi mbalimbali. Chakula chenyewe ni likuni phala, uji wa unga wa mahindi na soya, unaotolewa shuleni ili tumbo na akili vishibe mahali pamoja. Na wanaoamka alfajiri kuupika kwa zamu, bila malipo, ni wazazi na mabibi wa watoto hao hao.

Hapo ndipo msaada unapoepukana na hatari ya kumfanya mpokeaji kuwa mtazamaji wa maisha yake mwenyewe, kwa sababu mtoto hupokea bakuli kutoka kwa mkono anaoujua, na mzazi habaki kuwa mtu aliyeshindwa kulea. Wahenga walinena kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini moyo huo hukamilika pale mtoaji anapokubali kutoonekana, akijua kwamba alichokipeleka kilikuwa tayari ni deni lake, na kwamba mwiko ni wa mama aliyesimama kando ya sufuria.