Kula Ulichoandaliwa
Andiko: Luka 10:4–7

Nilipomaliza Form Four nilienda Uganda, upande wa Mbale, kujitolea kupaka rangi madarasa. Nikapewa familia ya kukaa nayo wiki tatu. Jioni ya kwanza mama wa nyumba akaniandalia malewa, yale machipukizi ya mianzi kwa mchuzi wa karanga. Nikasema nimeshiba. Usiku nikala biskuti chini ya blanketi.

Ikawa hivyo siku tatu. Siku ya nne nikakuta wali na kuku. Nilishukuru Mungu kweli! Mpaka mtoto wao mdogo akaniambia, "Huyo ndiye alikuwa anatutagia mayai."

Wapendwa, nilienda kusaidia, kumbe nimewatia hasara. Yesu alipowatuma wale sabini aliwakataza kubeba mfuko wala mkoba, akawaagiza wakae nyumba moja na kula watakachopewa. Mimi nilibeba biskuti na kiburi.

Kesho yake nilimwomba yule mama msamaha. Akacheka, akaniwekea malewa. Nikala, tena nikaongeza. Tangu siku hiyo nilichota maji na watoto wake, nikaitwa mwanawe.

Vijana mnaotoka Desemba hii kwenda kujitolea, msiende kama wafadhili. Wazazi, mkiwafungia mizigo wafundisheni pia kupokea. Na wewe, kuna aliyekukaribisha ukamdharau? Mpigie simu wiki hii, umwambie asante. Amina.