Nadhiri ya Kudumu na Utume wa Paroko Mbenediktini

Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa nchini Italia katika karne ya 6 na yenye sura 73, iliwekwa kwa ajili ya watawa wanaoishi pamoja chini ya abate, yaani baba na mkuu wa monasteri. Sura ya 66 inaagiza kwamba maji, kinu, bustani na karakana viwe ndani ya monasteri, ili wamonaki wasilazimike kuzurura nje, jambo lisilofaa hata kidogo kwa roho zao. Hata hivyo, kusini mwa Tanzania wamonaki wa abasia za Peramiho na Ndanda wameongoza parokia kwa vizazi kadhaa. Hapo linazuka swali: mtu aliyeahidi kudumu monasterini anawezaje kuwa paroko bila kuivunja ahadi yake?

Jibu linategemea maana ya ahadi yenyewe. Kwa mujibu wa sura ya 58, mmonaki huahidi mambo matatu: kudumu, uongofu wa maisha na utii. Kudumu maana yake ni kujifunga na jumuiya moja mpaka kufa. Maana hiyo inathibitishwa na sura ya 1, ambamo Benedikto anawalaumu watawa wazururaji, waliohama monasteri hadi monasteri na kukaa siku tatu au nne kila mahali, kwa sababu walikuwa watumwa wa matakwa yao wenyewe. Safari haikuwa kosa, kwani sura ya 67 inaweka utaratibu wa ndugu wanaotumwa mbali. Kosa lilikuwa kwenda bila kutumwa na yeyote.

Historia imeivuta nadhiri hii pande mbili. Mwaka 596 Papa Gregori Mkuu aliwatuma wamonaki kutoka Roma kwenda kuihubiri Injili Uingereza, lakini Mtaguso wa Kwanza wa Laterano, mwaka 1123, uliwakataza wamonaki kuwatembelea wagonjwa, kuwapaka mafuta na kuadhimisha Misa za hadhara. Andreas Amrhein, aliyeanzisha mwaka 1884 jumuiya iliyokuja kuwa Shirika la Mtakatifu Otilia nchini Ujerumani, alitaka kuunganisha umonaki na umisionari, na wamisionari wake wa kwanza walifika Pugu, karibu na Dar es Salaam, mwaka 1888. Peramiho ilianzishwa mwaka 1898, na Ndanda mwaka 1906. Kuanzia mwaka 1931 abate wa kila moja ya abasia hizo alitawala pia eneo lake kama askofu atawalavyo jimbo, mpaka yalipoundwa Jimbo la Songea mwaka 1969 na Jimbo la Mtwara mwaka 1972. Tangu hapo abate alibaki na monasteri, na uchungaji wa waamini ukawa chini ya askofu.

Kwa sababu hiyo paroko Mbenediktini wa leo ana wakuu wawili. Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinamweka chini ya askofu katika uchungaji wa roho na ibada ya hadhara, na chini ya mkuu wake katika nidhamu ya kitawa. Askofu humteua baada ya mkuu wa shirika kumpendekeza au walau kukubali, na yeyote kati ya wawili hao anaweza kumwondoa, akimjulisha mwenzake tu bila kuhitaji idhini yake. Isitoshe, anachopata kwa kazi yake ni mali ya shirika.

Kwa upande wa sala, Benedikto alikwisha kuona ugumu, ndiyo maana sura ya 50 inawaagiza ndugu wanaofanya kazi mbali wasali saa zilizopangwa pale pale walipo. Paroko anayezungukia vigango, yaani makanisa madogo yaliyo mbali na makao ya parokia, anaweza kutimiza Masifu ya Jioni peke yake. Asichoweza kujipatia peke yake ni ndugu wa kumkosoa, wala abate wa kumwuliza habari za fedha na muda wake. Parokiani wengi humwita baba, na ni wachache wanaothubutu kumwambia kwamba amekosea. Basi hatari kubwa kwa nadhiri yake ni kuzoea kujitawala, na hatari hiyo huweza kumfikia hata anayelala hatua chache kutoka lango la monasteri.

Inaweza kupingwa kwamba waamini wanahitaji mchungaji aliye wao kabisa, na kwamba paroko anayeweza kurudishwa monasterini wakati wowote hujitoa nusu nusu. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa kujenga imani katika jumuiya ndogo ndogo huchukua miaka, na mabadiliko ya mara kwa mara huwaumiza watu. Lakini inachanganya kujitoa na kumiliki. Anayejua kwamba nyumba, gari na cheo si vyake ana sababu ya kuwalea makatekista na viongozi wa walei watakaoendesha mambo bila yeye, ilhali aliyeigeuza parokia kuwa milki yake huwafanya waamini wamtegemee yeye. Kwa hiyo nadhiri ya kudumu, ikieleweka kama kifungo na jumuiya inayoweza kumtuma na kumrudisha, inampa paroko uhuru wa kuwahudumia watu bila kuwafanya wake. Na abasia inayomtuma kisha ikaacha kumwita, kumsikiliza na kumkosoa inashiriki katika kuivunja nadhiri hiyo, hata kama yeye mwenyewe hakosi kipindi chochote cha sala.