Abiria Asiyelipa Nauli

Lipo swali ambalo limenisumbua kwa muda mrefu, nalo ni hili: je, mtu anaweza kuiba kitu ambacho mwenyewe bado anacho? Ukichukua wavu wangu usiku, asubuhi mimi sina wavu, na watoto wangu watalala njaa. Hapo hakuna haja ya kuulizana kama umeiba. Lakini ukitazama namna ninavyofunga fundo la wavu huo, kisha ukaenda kwako ukafunga la kwako, mimi sikupungukiwa na chochote. Hapa kwetu Nkome, mkoani Geita, sijapata kusikia mtu aliyeshtakiwa kwa kuiga fundo. Basi kunakili wimbo, au kunakili programu ya kompyuta iliyotengeneza wimbo huo, kuko upande upi? Upande wa wavu, au upande wa fundo?

Asidhani msomaji kwamba hili ni jambo la watu wa Dar es Salaam peke yao. Nkome iko kando ya Ziwa Viktoria, na wapo wageni wanaopandia boti hapa kwenda Hifadhi ya Rubondo. Sisi wenyeji tunalijua ziwa kwa dagaa na sangara. Lakini ukipita mwaloni jioni utasikia muziki kutoka kila kibanda, na sehemu ya muziki huo siku hizi haitoki mbali. Vijana wetu wana vyumba vidogo wanavyoviita studio: kompyuta moja, kipaza sauti kimoja, na trei za mayai zilizogongomelewa ukutani kuzuia mwangwi. Wimbo ukishatoka humo huingizwa kwenye memori kadi na flashi, ukavuka maji kwenda visiwani ndani ya mifuko ya wavuvi.

Kompyuta hiyo haitengenezi muziki kwa kudra tu. Ndani yake mna programu, na iliyo maarufu miongoni mwa vijana ni FL Studio, ambayo zamani iliitwa Fruity Loops. Kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji iliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1997. Ndani ya programu hiyo huchomekwa nyingine ndogo ndogo ziitwazo plagini. Moja hutoa sauti ya kinanda, nyingine ya ngoma, nyingine humnyoosha mwimbaji aliyepotoka sauti. Nyingi kati ya hizo zina mtu aliyekesha akiziandika, zina bei, na zina kufuli.

Kufuli zenyewe ni za aina nyingi. Ipo ya namba ya siri, ipo inayouliza ruhusa kwa njia ya intaneti, na ipo ya kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, kama kile kiitwacho iLok, ambacho hubeba ruhusa ya mnunuzi. Kampuni ya Steinberg ya Ujerumani iliwafunga wateja wa programu yake ya Cubase kwa kifaa cha namna hiyo kwa miaka mingi, ndipo mwaka 2022, ilipotoa Cubase 12, ikaachana nacho. FL Studio kwa upande wake humruhusu asiyelipa kutunga wimbo, kuutoa ukasikilizwa, na hata kuhifadhi kazi yake. Ila kazi aliyoihifadhi hataweza kuifungua tena mpaka anunue. Hata hivyo kufuli nyingi zimekwisha kuvunjwa na mafundi wa kuvunja, na programu zilizovunjwa hupita mkono kwa mkono, mara nyingine pamoja na virusi ndani yake. Kinachochekesha, kama si kuhuzunisha, ni kwamba usumbufu wa kufuli humwangukia zaidi yule mwaminifu aliyelipa. Aliyevunja mlango hatafuti ufunguo.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili limenigusa mimi, mwalimu mstaafu nisiyejua kupiga hata zeze. Watu hunijia niwaandikie barua. Siku moja alikuja kijana mwenye studio, akaniamkia, akaketi, akanieleza kwamba wimbo wake umeenea mwalo mzima na visiwani, na mwenye kibanda cha kujaza nyimbo huwatoza watu kila siku, lakini yeye mtunzi hajapata hata senti. Alitaka nimwandikie barua kwenda COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki. Katika kunieleza alivyoutengeneza wimbo huo, akataja bila kificho kwamba programu yake na plagini zake zote ni za kuvunjwa. Nikamuuliza, "Na wale walioziandika, wewe umewapa nini?" Akanijibu kwa heshima, "Mwalimu, wale ni wazungu matajiri. Hawajapungukiwa kitu. Tena bei yao mimi ningeitoa wapi? Na hapa kila mtu anafanya hivyo."

Barua nilimwandikia, na sababu nitaitaja. Kwanza tuzipime hoja zake tatu, kwa kuwa si za mtu mpumbavu.

Hoja ya kila mtu anafanya hivyo haina uzito. Wizi wa dagaa zilizoanikwa usingekuwa halali hata kama mwalo mzima ungekuwa wa wezi. Hoja ya kwamba hawajapungukiwa kitu ina uzito, lakini tazama inavyomgeukia mwenyewe. Mwenye kibanda akiitwa kujibu atasema maneno hayo hayo: "Wimbo wako si bado unao? Mimi nimepunguza nini?" Kijana hataikubali hoja hiyo hata kidogo, naye atakuwa na haki ya kuikataa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Hoja ya bei ndiyo nzito, na anayeipuuza hajawahi kukosa. Toleo dogo la FL Studio huuzwa kwa takriban dola 100, ambazo ni zaidi ya shilingi laki mbili. Kuna plagini moja moja zinazozidi hapo. Malipo mara nyingi hutakiwa kwa kadi ya benki, na kijana hana akaunti. Bei hiyo ilipopangwa, hakuna aliyemfikiria mtoto wa mvuvi wa Nkome.

Nimefikiri sana nikaona kwamba mfano wa wavu hautufai, wala wa fundo. Mfano unaotufaa ni boti ya abiria. Boti inakwenda kisiwani, na nafasi moja iko wazi. Mtu akijificha chini ya turubai akavuka bila nauli, mwenye boti hakupoteza ubao wala msumari. Safari ingekuwepo vilevile. Lakini nauli ndiyo inayonunua mafuta. Abiria wote wakijificha chini ya turubai, kesho hakuna boti. Anayenakili hakuiba boti. Amepanda bila nauli. Hilo ni deni, na deni lina adabu zake.

Adabu ya kwanza ni kuomba. Asiye na nauli humwendea nahodha akasema, "Nivushe, nikiuza samaki nitakulipa," na manahodha wengi huvusha. Katika programu za muziki wako manahodha wa namna hiyo. Nimekwisha kutaja namna FL Studio inavyoruhusu kujifunza bila kulipa. Tena iko programu ya LMMS, ambayo hutolewa bure kabisa kwa ridhaa ya walioiandika. Adabu ya pili ni kulipa samaki wakishauzwa. Mwanafunzi anayejaribujaribu hana samaki bado, na mimi singemwita mwizi. Lakini siku anapoanza kumtoza mwimbaji fedha kwa kila wimbo, amefika ng'ambo na samaki wake wameuzwa. Tangu siku hiyo umaskini si jibu tena. Dawa ya deni ni kulipa, walau kidogo kidogo, akianzia na ile programu inayomlisha.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya kigeni, ati kwa mababu zetu sanaa ilikuwa mali ya wote. Sikubaliani nao. Sisi Wasukuma tuna vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake ni Ngika na Gumha, mahasimu wa karne ya 19. Baada ya mavuno vyama hivi vilishindana kuvuta watu, na dawa za mvuto hazikutupwa njiani aokote apendaye. Ilibidi mtu aingie chamani na kufuata masharti ndipo afundishwe. Kumbe kufuli tulikuwa nazo. Tofauti ni kwamba kufuli yetu ilikuwa katika uhusiano wa watu: aliyefundishwa alimjua aliyemfundisha, na deni lake lilikuwa na sura na jina. Deni la leo halina sura. Mwandishi wa plagini yuko Ulaya, na kijana hatamwona kamwe. Ni rahisi kumdhulumu usiyemwona. Lakini mwenye kibanda naye huenda hamfikirii mtunzi. Kwake yeye wimbo ni faili tu.

Sheria nazo zimejaribu. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, na mwaka 1999 ikatunga Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1966. Mwaka 2013 zikaletwa stempu za kodi za kubandikwa kwenye kanda na CD, ili halali ijulikane na haramu. Lakini ukubandike wapi wimbo unaoruka kutoka simu hadi simu? Sheria hulinda pale inapokuta watu wamekwisha kukubaliana moyoni kwamba jambo ni baya. Kufuli hali kadhalika.

Kwa hiyo kwa nini nilimwandikia barua? Kwa sababu dhuluma ya kijana kwa watu wa mbali haimpi mwenye kibanda ruhusa ya kumdhulumu kijana. Haki za watu hazifutani kama hesabu za duka. Kwa sheria wimbo ni wake tangu alipoutunga na kuurekodi, na zana aliyotumia haibadilishi hilo. Lakini nilimwambia pia kwamba barua hiyo inamdai yeye kabla haijamdai mwingine. Kwamba kila neno ninaloandika juu ya mwenye kibanda, mtu wa Ubelgiji angeweza kuliandika juu yake. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama ile kampuni hupokea malipo kidogo kidogo.

Yuko mtu mmoja ambaye hatujamtaja, naye ni mvuvi anayetoa pesa yake kibandani ajaziwe nyimbo kabla ya kuondoka kwenda ziwani. Yeye hajajificha chini ya turubai. Anaamini amelipa nauli, na kweli amelipa, ila aliyeipokea si nahodha. Wanaotudai si watu wa mbali tu, wala wanaodhulumiwa si wasanii peke yao. Anayetaka haki ianze mwaloni na iishie mwaloni hajaitaka haki, ametaka faida.