Toba, Amana na Alama za Ujana

Programu ya kasi ya uuguzi nchini Marekani ni masomo ya shahada ya uuguzi yaliyowekwa kwa ajili ya watu wenye shahada ya kwanza ya fani nyingine. Kwa kawaida huchukua miezi 11 hadi 18, na chuo kinachotajwa kuwa cha kwanza kuianzisha ni Saint Louis University, mwaka 1971. Muda ni mfupi kwa sababu masomo ya jumla ya shahada ya awali hayarudiwi, lakini mzigo wa uuguzi wenyewe haupunguzwi. Mwanafunzi hupitia famakolojia, uuguzi wa watu wazima, wa watoto, wa wajawazito na wa afya ya akili, pamoja na mafunzo ya wodini, kwa mwendo unaofanya vyuo vingi viwashauri wanafunzi kuacha ajira mpaka wamalize.

Mlangoni mwa programu hizi kuna namba. Vyuo vya Marekani hupima masomo kwa GPA, yaani wastani wa alama kwenye kipimo cha 0 hadi 4: A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1. Programu nyingi za kasi hutaka angalau 3.0, na baadhi hushuka hadi 2.75 au 2.5. Msomaji wa Tanzania asiisome namba hiyo kwa kipimo cha kwao: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hupima mpaka 5, na 3.0 ya huko ni daraja la pili la chini, ilhali 3.0 ya Marekani ni wastani wa B. Mwenye chini ya kiwango kinachotakiwa hukuta mlango umefungwa kabla maneno yake hayajasomwa. Mara nyingi alama hizo alizipata akiwa na miaka 19 au 20, na sasa anaomba akiwa na 30 na zaidi. Je, ni haki ahukumiwe leo kwa aliyoyafanya jana? Dini na falsafa zililijadili swali hili chini ya jina la toba kabla vyuo vikuu havijakuwepo.

Kwanza ni kujua namba hiyo inashuhudia nini. Wastani wa alama hukusanya matendo ya miaka minne na kuyatoa kama tendo moja. Ndani yake wamo uvivu na ulevi wa ujana, na humo humo wamo msiba wa mzazi, zamu za usiku za kulipia ada, ugonjwa ambao haujajulikana, na fani ambayo baba aliichagua na mtoto akaisoma bila moyo. Wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel, mwaka 1976, waliliweka mezani tatizo la bahati katika maadili: watu husifiwa na kulaumiwa kwa mambo ambayo sehemu yake kubwa haikuwa mikononi mwao. GPA ni mfano wa wazi wa tatizo hilo. Wawili wenye 2.6 wanaweza kuwa mmoja alilala na mwingine alikesha akiuguza, na karatasi ya matokeo haiwatofautishi.

Hata hivyo kuna utetezi mmoja ambao haufai, nao ni ule wa kusema kwamba yule kijana alikuwa mtu mwingine. Mwanafalsafa John Locke, katika toleo la pili la kitabu chake kuhusu akili ya binadamu, 1694, aliuegemeza umoja wa mtu kwenye fahamu zake: mtu ni yule yule kadiri anavyoweza kuyakumbuka matendo yake kuwa ni yake. Mwombaji wa programu ya kasi anakumbuka vizuri. Zaidi ya hapo, kinachomwezesha kugonga mlango huu ni shahada aliyoipata yule kijana. Anayeipokea shahada kama mali yake hawezi kuzikana alama zake kana kwamba ni za jirani. Njia iliyo wazi kwake ni kukiri kwamba yeye ndiye, kisha kuonyesha kwamba amegeuka.

Kugeuka huko kuna masharti. Imam al-Nawawi, mwanachuoni wa karne ya 13 ambaye kitabu chake Riyadhu Swalihina husomwa misikitini pwani ya Afrika Mashariki, aliyataja matatu: kuliacha kosa, kulijutia, na kuazimia kutolirudia. Kosa likigusa haki ya mtu mwingine huongezeka la nne, yaani kumrudishia haki yake. Maimonides, mwanasheria wa Kiyahudi aliyezaliwa Cordoba na kufariki Misri mwaka 1204, aliongeza kipimo kigumu zaidi. Kwake yeye toba iliyokamilika hujulikana pale mtu anapowekwa tena katika hali ile ile iliyomwangusha, akiwa na uwezo wa kuanguka, asianguke. Inafaa kukumbuka kwamba aliyeyaandika hayo alikuwa pia tabibu, ambaye siku zake nyingi zilipita kwa wagonjwa wa Kairo.

Kwa mwombaji wa uuguzi, kipimo cha Maimonides kina sura inayoonekana. Aliyeanguka darasani hathibitishi kugeuka kwake kwa kufaulu biashara au kulea familia vizuri, ingawa hayo nayo yana uzito wake. Anathibitisha darasani. Programu hizi hutaka masomo ya sharti kabla ya kuomba: anatomia na fiziolojia, mikrobiolojia, kemia, takwimu, na mara nyingi lishe na ukuaji wa binadamu. Aliyepata C ya anatomia akiwa na miaka 20, akairudia baada ya miaka kumi na kupata A huku akifanya kazi na kulea, amerudishwa mahali pale pale na hakuanguka. Vyuo kadhaa huongeza mtihani wa kujiunga, kama TEAS au HESI A2, ambao hupima anachokijua mtu leo. Mwanafalsafa Aristotle alifundisha kwamba tabia hujengwa kwa kurudia matendo, kama mjenzi anavyopatikana kwa kujenga. Ikiwa ndivyo, alama mpya katika masomo ya sayansi ni ushahidi bora wa tabia ya sasa kuliko alama za zamani katika fani iliyoachwa.

Hapa ndipo hesabu inapoingia na kuleta ugumu. Tuseme mtu alimaliza krediti 120, yaani vipimo vya uzito wa masomo, kwa GPA ya 2.6. Ukizidisha, amejikusanyia pointi 312. Akisoma krediti 30 mpya na kupata A tupu, huongeza pointi 120, na wastani wake wa jumla unakuwa 2.88. Mwaka mzima wa kukesha bila kosa hata moja haukumfikisha 3.0. Ili afike, anahitaji krediti 48 za A, sawa na masomo 16 ya krediti tatu tatu. Kurudia somo nako hakumsaidii kama anavyotarajia: NursingCAS, mfumo wa pamoja ambao vyuo vingi huutumia kupokea maombi, huhesabu alama za mara zote mbili, hata kama chuo alichosoma kilikubali alama mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani.

Maana yake ni kwamba wastani wa jumla, ukitumiwa peke yake, huchukulia kosa la mwaka wa kwanza na juhudi ya mwaka jana kuwa na uzito mmoja. Hauna mahali pa kusajili mgeuko. Mtu aliyeanza na A akaporomoka mpaka D, na mwingine aliyeanza na D akapanda mpaka A, wanaweza kusimama mbele ya wastani huo wakiwa sawa kabisa. Mafundisho ya toba hayahesabu hivyo. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, anawafundisha watu wake kwamba mwovu aliyegeuka huishi kwa haki aliyoitenda, na mwadilifu aliyeiacha haki yake haokolewi na wema wa zamani. Katika Uislamu ipo hadithi mashuhuri kwamba matendo huzingatiwa kwa mwisho wake.

Baadhi ya vyuo vimeuona upungufu huo na kuangalia krediti 60 za mwisho. Kwa mtu yule yule wa 2.6, ikiwa krediti zake 30 za mwisho za shahada zilikuwa na wastani wa 2.8, na baada ya hapo akapata A katika krediti 30 mpya, wastani wa hizo 60 ni 3.4. Matendo hayakubadilika, kilichobadilika ni swali lililoulizwa. Vipo pia vyuo vikuu vyenye utaratibu wa kumruhusu mwanafunzi aliyerejea baada ya miaka kadhaa aanze hesabu upya. Alama za zamani hubaki kwenye karatasi, ila chuo hicho huacha kuzihesabu. Utaratibu huo unakaribia sana maana ya neno maghufira, yaani msamaha, ambalo mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kufunika. Kutoka mzizi huo huo hutoka jina la kofia ya chuma iliyofunika kichwa cha askari vitani. Lililofunikwa bado lipo, lakini halimdhuru tena mwenyewe.

Mpaka hapa hoja zote zinamuunga mkono mwombaji, na zingetosha kama jambo lingekuwa kati yake na chuo tu. Injili ya Mathayo ina mfano wa mwenye shamba la mizabibu aliyewalipa dinari moja wote, hata walioanza kazi saa kumi na moja, ambayo kwa bahati njema Mswahili huihesabu jioni vile vile kama ilivyohesabiwa na wasikilizaji wa kwanza. Walioanza asubuhi walipolalamika, mwenye shamba alimjibu mmoja wao kwamba ana uhuru na mali yake. Jibu hilo ndilo mpaka wa mfano wenyewe. Yeye alikuwa mkarimu kwa kilicho chake, na chuo cha uuguzi kinapofungua mlango hakitoi mali yake peke yake. Kinamkabidhi mtu mwili wa mgonjwa ambaye hayupo kwenye kikao na hakuulizwa. Nukta moja ya desimali ikikosewa, dozi inakuwa mara kumi ya inayotakiwa.

Kwa hiyo kuna mambo mawili ambayo hayana budi kutenganishwa, msamaha na amana. Msamaha unaweza kutolewa bure, na aliyekosewa anaweza kuutoa hata kabla ya kuombwa. Amana haitolewi hivyo. Mtu anaweza kumsamehe kwa moyo mweupe mwizi wa jana na bado asimpe ufunguo wa ghala leo, wala hajakosa. Wasomi wa sheria za Kiislamu walizitenga haki za waja, yaani haki za watu wengine, kwa sababu inayofanana na hii: kuna vitu ambavyo huruma ya mmoja haiwezi kuvitoa kwa niaba ya mwingine. Usalama wa mgonjwa ni katika hivyo. Chuo kinachodai ushahidi mpya kutoka kwa mwenye alama mbaya hakimnyimi msamaha. Kinachokosea ni kile kinachokataa kuutazama ushahidi ukishaletwa, kwa sababu hapo hakimlindi mgonjwa yeyote, kinajirahisishia kazi ya kuchuja maombi.

Uuguzi wenyewe, tangu ulipoanza kufundishwa kwa utaratibu wa kisasa, haukujengwa juu ya wastani wa alama. Katika shule iliyofunguliwa mwaka 1860 kwa mfuko wa Florence Nightingale kwenye hospitali ya St Thomas', London, kila mwanafunzi alikuwa na karatasi ya mwezi iliyoandika mwenendo wake: kuwahi, utulivu, kuaminika, unadhifu. Nightingale mwenyewe alipata mafunzo yake Kaiserswerth, Ujerumani, mwaka 1851, akiwa na miaka 31. Karatasi zile zilikuwa na ubaya wake, kwa maana tabia iliyopimwa kwa jicho la msimamizi mmoja hupimwa pia kwa upendeleo wake. Lakini ziliandikwa upya kila mwezi, na aliyejirekebisha Machi hakusomwa kwa Januari.

Leo nafasi ya karatasi ile imechukuliwa kwa kiasi na insha ya kujieleza na barua za wadhamini. Insha hiyo ni ungamo, na hukumbwa na maradhi ya kila ungamo. Moja ni kujitetea mpaka kosa lionekane ni la kila mtu isipokuwa mwandishi. Jingine, lisilotajwa sana, ni kuuza majonzi: mwombaji huhisi lazima alete msiba mkubwa wa kutosha kulipia C zake, na asiye na msiba huona hana toba. Hilo ni dhuluma. Aliyeshindwa kwa uvivu wa kawaida, akaacha uvivu, ametimiza masharti sawasawa na aliyeshindwa kwa kufiwa. Mistari michache inayosema lililotokea, lililobadilika, na masomo yanayothibitisha, ndiyo ungamo kamili.

Linabaki jambo la fedha. Toba ya msikitini au kanisani haina ada, ila krediti 48 zina ada, na nyingine hulipwa kwa mkopo. Aliye na uwezo hununua muda wa kujithibitisha, na asiye nao hubaki na 2.6 yake ingawa amegeuka vile vile. Vyuo vya jamii hupunguza pengo hilo, kwa kuwa masomo ya sharti huko ni nafuu. Vyuo hivyo hivyo hutoa stashahada ya uuguzi ya karibu miaka miwili, na aliyekataliwa na programu ya kasi anaweza kuingia kwa njia hiyo. Mwenye stashahada na mwenye shahada hufanya mtihani mmoja wa leseni, NCLEX-RN, na anayeufaulu huwa muuguzi aliyesajiliwa. GPA haimo kwenye leseni yake.