Hesabu ya Uwakili



Kila itokapo taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, husikia watu barazani wakisema, "Fulani amekaguliwa," kana kwamba kukaguliwa ni kuhukumiwa. Sivyo. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, kifungu cha 112, imemweka mkaguzi huyu atazame kama fedha iliyoidhinishwa na Baraza la Wawakilishi imetumika kwa kazi iliyokusudiwa. Taarifa yake humfikia Rais, kisha huwekwa mbele ya Baraza.

Jambo hili si geni katika Maandiko. Someni 2 Wafalme 12. Mfalme Yoashi aliwaachia makuhani fedha za kutengeneza Hekalu. Hata mwaka wa 23 wa enzi yake, palipobomoka palikuwa vile vile. Ndipo likawekwa kasha lenye tundu kando ya madhabahu, na fedha ilipozidi humo, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu waliihesabu pamoja. Mafundi wakalipwa, na nyumba ikatengenezwa.

Mtu atasema, "Lakini mafundi wale hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walikuwa waaminifu." Ni kweli. Lakini angalieni: fedha ilikwisha kuhesabiwa na watu wawili kabla haijafika mikononi mwao. Hata kuhani mkuu hakuhesabu peke yake. Naye Mtakatifu Paulo, katika 2 Wakorintho 8, alitaka ndugu wengine wafuatane na mchango wa maskini, asije akalaumiwa. Mtume hakuona aibu. Sisi tuone aibu ya nini?

Kanisa Kuu letu la Mkunazini lilikarabatiwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, yaani kodi za watu wasiotujua. Mtoaji akiwa mbali, nani atauliza kwa ajili yake? Na fedha ya dawa ikipotea, yenyewe hailii. Hulia mama aliyefika kituo cha afya na mtoto mgongoni, akarudi mikono mitupu.

Basi, tuanzie nyumbani mwa Bwana. Sadaka ihesabiwe na watu wawili, iandikwe siku ile ile, isomwe mbele ya wote. Mtunza hazina asikasirike akiulizwa. Swali ni ngao yake. Na ninyi mlioajiriwa serikalini, mkaguzi akitaka faili, mpeni.

Bwana atakapotudai hesabu ya uwakili wetu, atukute daftari li wazi. Amina.